Fimbo za gofu zikunjwe au zisikunjwe? Jibu kuhusu lai, lofti na mpira unaokwenda kushoto

Swali la msomaji: Ninacheza gofu Arusha, natumia mkono wa kulia, na hendikapu yangu (kipimo cha uwezo, kadiri kilivyo kikubwa ndivyo mchezaji alivyo dhaifu) ni 19. Urefu wangu ni sentimita 188, na kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni ni sentimita 88. Nimenunua seti ya aini (fimbo zenye kichwa cha chuma) zilizokwisha kutumika, kuanzia namba 5 hadi weji ya pichi. Weji ya pichi, fimbo fupi yenye lofti (mlalo wa uso wa fimbo) ya digrii 44, hunifikisha mita 110 lakini mpira huangukia hatua tano au sita kushoto kwa bendera. Namba 9 hufanya hivyohivyo, ilhali namba 5 huenda karibu sawa, na draiva (fimbo ya kupigia mbali zaidi) hukata kulia. Nina pia weji ya mchanga ya digrii 56 inayofika mita 75. Rafiki mmoja ananishauri nizikunje aini zote zisimame digrii 2 zaidi kwa sababu mimi ni mrefu. Mwingine anasema nipunguze lofti digrii 2 ili nipate umbali. Nimsikilize yupi, na je, hazitavunjika?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa, nisingezikunja fimbo hizo kwa ushauri wa yeyote kati ya hao wawili. Kuzisimamisha zaidi kunaweza kukuongezea tatizo lilelile unalolilalamikia, na kupunguza lofti kutapanua pengo ambalo tayari ni kubwa kati ya weji zako mbili. Kuna uwezekano mzuri kwamba aini zako zinahitaji kulazwa, yaani kukunjwa upande ulio kinyume na ule aliousema rafiki yako, lakini uwezekano huo lazima uthibitishwe kwanza kwa jaribio ambalo utalifanya mwenyewe kwa kalamu ya wino na mipira michache.

Nianze na lai, kwa kuwa ndiyo inayohusu mwelekeo. Lai ni pembe iliyopo kati ya shafti (mpini wa fimbo) na ardhi pale unyayo wa kichwa cha fimbo unapokaa bapa. Kwa aini namba 7 nyingi za kiwandani pembe hiyo huwa karibu na digrii 62 au 63. Namba 5 hulala zaidi kidogo, kwa sababu shafti yake ni ndefu na mchezaji husimama mbali zaidi na mpira, na weji husimama hadi karibu na digrii 64. Lofti nayo ni kiasi ambacho uso wa fimbo umelala kurudi nyuma ukilinganishwa na shafti, na ndiyo inayoamua mpira uruke juu kiasi gani na uende umbali gani. Wachezaji wengi hudhani pembe hizi mbili hufanya kazi mbalimbali zisizogusana, moja ya mwelekeo na nyingine ya umbali. Kwa kweli lai hupata nguvu yake kutoka kwenye lofti, na usipolielewa hilo huwezi kusoma dalili za fimbo zako.

Chukua weji yako ya mchanga, iweke sakafuni kama unayetaka kupiga, kisha bandika kijiti cha kiberiti usoni kwa kipande cha gundi ya karatasi ili kisimame pembe mraba na uso. Unyayo ukikaa bapa, kijiti kitaelekea mbele na juu. Sasa shusha mikono kidogo ili ncha ya kichwa (upande ulio mbali na shafti) iinuke na kisigino (upande ulio karibu na shafti) kibaki chini: utaona kijiti kinageuka kushoto, ingawa ukingo wa chini wa uso bado unaonekana kuelekea shabaha. Rudia jambo hilo kwa draiva na kijiti hakitageuka kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu uso wa draiva umesimama karibu wima. Fimbo iliyosimama kupita kiasi kwa mchezaji wake hufika kwenye mpira ikiwa imeinua ncha, na uso wake huelekea kushoto kwa mchezaji wa mkono wa kulia. Iliyolala kupita kiasi huchimba kwa ncha, na uso huelekea kulia.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha tanjenti ya lofti kwa digrii za kosa la lai, na utapata takriban digrii ambazo uso umegeuka. Kosa la digrii 2 kwenye weji yako ya pichi ya digrii 44 hugeuza uso kwa digrii 1.9 hivi, ambazo kwa mita 110 ni mita 3.7 pembeni. Kosa hilohilo kwenye weji ya digrii 56 hugeuza uso kwa karibu digrii 3, na kwenye namba 5 yenye lofti ya digrii 24 hugeuza kwa digrii 0.9 tu. Kwenye draiva ya digrii 10.5 halifiki hata nusu digrii. Mpira haufuati uso kwa ukamilifu, kwa sababu njia ya fimbo nayo huuvuta kidogo, lakini uso ndio wenye sehemu kubwa zaidi katika kuamua mpira uanze kuelekea wapi. Na uso uliogeuka ukilinganishwa na njia huupa mpira mzunguko wa pembeni unaouzidishia safari yake ya kupotea.

Usije ukadhani kwamba fimbo fupi hupoteza mpira mita nyingi mno kuliko ndefu. Namba 5 iliyogeuka digrii 0.9, ikipigwa mita 160, hukosea kwa mita 2.5, kiasi ambacho hakiko mbali sana na zile 3.7 za weji. Tofauti iko katika kile unachokitarajia. Namba 5 ikiangukia ukingoni mwa grini unaondoka ukitabasamu, lakini weji unaipiga ukitaka mpira ukae karibu na bendera, na mita 3.7 ndizo zinazokutenga na pati moja (pigo la kuusukuma mpira shimoni). Ndiyo maana malalamiko kuhusu lai huanzia karibu kila mara kwenye fimbo fupi, hata pale ambapo seti nzima ina kosa moja.

Sasa tuje kwenye kesi yako. Hatua tano au sita ni kama mita 4 na nusu, na mita 4 na nusu kwa umbali wa mita 110 ni digrii 2.3. Kama lai peke yake ndiyo yenye hatia, basi weji yako inafika kwenye mpira ikiwa imesimama kupita kiasi kwa zaidi kidogo ya digrii 2. Lakini kama seti nzima ina kosa hilo, namba 5 nayo ingepaswa kwenda kushoto kwa takriban mita 3, na wewe unasema inakwenda karibu sawa. Kuna kitu kinachoirudisha kulia, na draiva yako inayokata kulia inatuambia ni kitu gani: inaelekea mkono wako hupitisha fimbo kutoka nje kuja ndani, yaani kutoka upande wa mbali kuja upande wa miguu yako, uso ukiwa umebaki wazi kidogo (ukielekea kulia) kwa njia hiyo.

Hapo ndipo penye mtego ambao nimeona wachezaji wengi, na hata baadhi ya mafundi, wakitumbukia. Mchezaji anayepitisha fimbo kutoka nje kuja ndani huvuta weji kushoto na kukata draiva kulia, hata kama fimbo zake zina lai inayomfaa kabisa. Lofti kubwa ya weji huufanya mpira uzunguke kwa nyuma zaidi kuliko kwa pembeni, hivyo mpira haupindi sana, bali huenda moja kwa moja kule ulikoelekezwa, yaani kushoto. Draiva haina lofti ya kuuzuia mzunguko wa pembeni, hivyo mpira huanza kushoto kisha hupinda kwenda kulia. Dalili ulizoniandikia zinaafikiana na fimbo iliyosimama mno, zinaafikiana na njia ya fimbo iliyoharibika, na zinaafikiana pia na mchanganyiko wa yote mawili, jambo ambalo ndilo ninalolishuku zaidi. Hakuna anayeweza kuamua kwa kutazama mpira ulipoangukia tu.

Jaribio la kuamua ni hili. Tafuta kalamu nene ya kuandikia ubao mweupe, ile inayofutika, pamoja na kitambaa na mipira isiyopungua kumi. Chora mstari mmoja mnene kwenye mpira, kisha uweke mpira juu ya nyasi fupi, mstari ukiwa wima kabisa na ukiwa upande unaokabili uso wa fimbo. Piga pigo lako la kawaida, bila kulipunguza na bila kulitengeneza kwa ajili ya jaribio. Wino utahamia kwenye uso wa fimbo. Kabla hujaufuta, simamisha fimbo mbele ya macho, mifereji ya uso ikiwa imelala sambamba na ardhi, na tazama alama imesimamaje. Alama ikisimama wima, pembe mraba na mifereji, lai inakufaa. Ikiwa kichwa cha alama kimeinamia upande wa ncha ya fimbo, fimbo ilifika ikiwa imeinua ncha, yaani imesimama kupita kiasi. Ikiwa kimeinamia upande wa kisigino, fimbo imelala kupita kiasi. Piga picha kwa simu kila alama, simu ikiwa sambamba na uso, kwa sababu kumbukumbu ya macho ina upendeleo. Baadaye unaweza kuweka kipimapembe cha plastiki juu ya picha na kusoma mwinamo kwa digrii.

Fanya hivyo kwa weji ya pichi, namba 7 na namba 5, mipira mitano au zaidi kwa kila moja, na uache kuhesabu mapigo uliyogonga kwa ncha kabisa au kwa kisigino kabisa. Usitafute alama moja nzuri. Tafuta tabia ya nyingi. Zikiinamia upande wa ncha kwa takriban digrii 2 katika fimbo zote tatu, basi fimbo zina kosa na zilazwe. Zikisimama wima katika fimbo zote tatu huku weji ikiendelea kupeleka mpira kushoto, weka fedha yako mfukoni na umlipe pro wa klabu yako masomo machache. Na weji ikiinama huku namba 5 ikisimama wima, seti yako haina ngazi sawa kutoka fimbo hadi fimbo, jambo la kawaida kwa aini zilizopita mikononi mwa watu, na kila moja itahitaji marekebisho yake.

Wakati unapiga, tazama pia majeraha unayoyaacha kwenye nyasi. Jeraha lenye kina zaidi upande wa karibu na miguu yako huonyesha kwamba kisigino ndicho kilichochimba, na lenye kina zaidi upande wa mbali huonyesha ncha. Mwelekeo wa jeraha lenyewe unakwambia habari nyingine: likielekea kushoto kwa shabaha, njia ya fimbo ndiyo inayotoka nje kuja ndani, na hapo fundi hana la kukusaidia. Ardhi yenye mteremko au yenye unyevu usio sawa hudanganya, hivyo naiamini alama ya wino kuliko jeraha.

Wauzaji wengi hutumia ubao wa plastiki uliowekwa sakafuni na utepe unaobandikwa chini ya unyayo, kisha husoma mahali utepe ulipokwaruzwa. Chombo hicho si kibaya, ila mchezaji anayeona ubao mgumu chini ya mpira huogopa kuugonga, huinua mikono au hujikunyata, na pigo linalopimwa si lile atakalolipiga uwanjani. Ukipimwa kwa ubao, dai pia upimwe kwa mpira wenye mstari.

Rafiki yako aliyeangalia urefu wako hakukosea kabisa. Urefu ni mahali pa kuanzia. Kosa lake ni kwamba aliangalia nusu ya kipimo. Kinachoamua mikono yako iko juu kiasi gani kutoka ardhini ni umbali kati ya kifundo cha mkono na sakafu, na kwa mtu wa sentimita 188 umbali wa sentimita 88 ni mfupi, maana yake una mikono mirefu. Mtu mrefu mwenye mikono mirefu hushika fimbo mahali palepale anapoishikia mtu wa kimo cha kati. Kwa vipimo hivyo viwili peke yake ningekupa fimbo za kawaida au zilizolala kidogo, na wala nisingekupa zilizosimama.

Hata hivyo vipimo vya mtu aliyesimama havitoshi, kwa sababu fimbo haifiki kwenye mpira kama ilivyokaa kabla ya pigo. Mambo mawili hubadilika. Mikono ya karibu kila mchezaji huwa juu zaidi inapokutana na mpira kuliko ilivyokuwa mwanzoni. Tena uzito wa kichwa hauko kwenye mstari wa shafti, uko mbele yake, hivyo kasi inapopanda kichwa hujivuta kiwe kwenye mstari huo, shafti huinama kidogo kuelekea chini, na ncha hushuka. Ndiyo maana fimbo inayomfaa mtu huonekana imeinua ncha kidogo pale anapoiweka nyuma ya mpira. Kama ncha imekaa bapa kabisa, kuna uwezekano itachimba. Nakuomba hilo ulikumbuke siku mtu atakapokuonyesha upenyo mdogo chini ya ncha yako na kudai ni ushahidi kwamba fimbo imesimama mno.

Kabla ya yote hayo, pima urefu wa aini zako. Fimbo zilizokwisha kutumika mara nyingi zimepitia mikono ya mtu aliyezirefusha, na urefu hubadilisha lai ingawa hakuna aliyegusa shingo, yaani sehemu inayounganisha kichwa na shafti. Kanuni inayotumika karakanani ni kwamba kila nusu inchi, yaani sentimita 1.3 hivi, inayoongezwa kwenye shafti huifanya fimbo ijiendeshe kama iliyosimamishwa digrii 1. Weka namba 7 sakafuni katika mkao wa kupiga, simamisha kipimo nyuma ya shafti kutoka sakafuni penye kisigino hadi mwisho wa mshiko. Yenye shafti ya chuma kwa kawaida ina inchi 37, yaani sentimita 94; yenye shafti ya grafaiti huzidi kidogo. Ukikuta sentimita 96 na zaidi, umempata mshukiwa wako bila kutumia kalamu, na pengine seti hiyo ilirefushwa kwa ajili ya mtu mrefu. Kwa hali hiyo kukata shafti na kurudisha urefu wa kawaida kunaweza kumaliza tatizo lote, ingawa kichwa kitahisi chepesi zaidi baada ya hapo.

Kama aini zako ni za Ping, kuna ushahidi mwingine ulio wazi machoni. Kampuni hiyo huweka nukta ya rangi kwenye kichwa kuonyesha lai iliyotoka nayo kiwandani: nyeusi ni ya kawaida, bluu imesimama kuliko kawaida, na nyekundu imelala. Nukta haikuhakikishii kwamba mwenye kwanza hakuikunja baadaye, lakini ukiona bluu kwenye fimbo zako huku kifundo chako kiko sentimita 88 kutoka sakafuni, utakuwa na sababu ya kutabasamu kwa uchungu.

Tuseme sasa jaribio limeonyesha kwamba fimbo zilazwe digrii 2. Je, zitavunjika? Inategemea chuma chake. Aini zilizofuliwa hutengenezwa kwa chuma laini chenye kaboni kidogo, na shingo yake hukubali kukunjwa digrii 2 au 3 bila malalamiko. Aini zilizosubiwa kwenye kalibu kwa kawaida ni za chuma kisichoshika kutu, na hapo kuna aina zinazotofautiana sana. Ile inayojulikana kama 431 hukunjika kwa uangalifu, digrii 1 au 2. Ile inayoitwa 17-4 ni ngumu, hurudi kama springi baada ya kukunjwa, na ikilazimishwa hupasuka shingoni. Aini zenye kichwa kilicho tupu ndani au uso mwembamba uliochomelewa, ambazo zimejaa sokoni miaka hii, ziulizie kwa mtengenezaji kabla hujamruhusu mtu aziweke kwenye mashine. Mwambie fundi jina na toleo la fimbo, na fundi mzuri atakwambia mwenyewe zipi hagusi. Mimi nisingevuka digrii 2 kwa aini iliyosubiwa, na nisingeikunja huku na kule mara nyingi hata kama imefuliwa, kwa sababu chuma kinachokunjwa na kukunjuliwa hukakamaa mahali pamoja na siku moja huachia ufa.

Kazi yenyewe hufanywa kwa mashine inayobana kichwa, uso na unyayo ukiwa umeshikwa pahali pake, kisha fundi hutumia nondo yenye mdomo wa shaba unaokumbatia shingo na kuivuta kidogokidogo, akisoma geji baada ya kila mvuto. Mambo mawili nayadai kwa kila mteja. La kwanza, fundi apime lai na lofti za kila fimbo kabla na baada, kwa sababu mvuto usio mnyoofu unaosogeza lai husogeza na lofti pia, na mtu aliyekuja kulaza fimbo anaweza kuondoka na namba 8 na namba 9 zenye lofti karibu sawa. La pili, akupe orodha iliyoandikwa, uone jinsi lai inavyopanda nusu digrii au digrii nzima kutoka fimbo hadi fimbo bila kuruka. Viwanda vyenyewe huruhusu tofauti ya hadi digrii 1 hivi kwa kila fimbo, kwa hiyo seti iliyopita mikononi mwa watu ikionyesha ngazi zilizovurugika usishangae.

Tafadhali usiipeleke fimbo kwa fundi wa kuchomelea mageti, hata kama ni mstadi na ana jiliwa kubwa. Moto hulainisha gundi inayoshikilia shafti ndani ya shingo, na kichwa kinaweza kuruka wakati wa pigo, kikampata kedi wako au mchezaji wa uwanja wa jirani. Jiliwa nalo, bila kitu cha kushika uso na unyayo, humfanya mtu akunje bila kujua anakunja nini. Pro wa klabu yako atakuwa na habari za karakana yenye mashine ya kweli, na kama iko Nairobi au Dar es Salaam, heri usubiri upate mtu anayesafiri na begi lako.

Nije kwa rafiki wa pili, anayetaka upunguze lofti. Ni kweli kwamba digrii 2 zitakuongezea umbali, mita 4 au 5 kwa kila aini, na ni kweli kwamba utafurahi kwa wiki kadhaa. Lakini tazama ulichonacho mkobani. Weji yako ya pichi ina digrii 44, ambazo kizazi kilichopita kiliziita namba 9. Wakati huo weji ya pichi ilikuwa na digrii 48 au zaidi, na namba 7 ilikuwa na 35 au 36 badala ya zile 30 na pungufu za leo. Watengenezaji waliweza kupunguza lofti kwa kuupeleka uzito wa kichwa chini na pembezoni, hivyo mpira bado hupanda vizuri, na namba iliyochorwa kwenye unyayo imebaki ileile. Weji ya mchanga haikufuata mkumbo huo. Matokeo yake, kati ya weji zako mbili una pengo la digrii 12 na mita 35, wakati kati ya aini na aini una digrii 4 hivi. Shimo likiwa mita 92, huna fimbo. Itakubidi upige weji ya pichi nusunusu, pigo ambalo mchezaji wa hendikapu 19 hulikosa mara nyingi. Kupunguza digrii 2 kunalifanya pengo liwe digrii 14.

Fedha uliyotaka kuipeleka kwenye lofti, nunulia weji ya kati ya digrii 50, ambayo itaanguka katikati kabisa ya hizo mbili. Hakikisha hauvuki fimbo 14 zinazoruhusiwa na kanuni, na pima umbali wake uwanjani kwako, si kwa jedwali la intaneti: Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali zaidi kuliko Dar es Salaam kwa kiasi ambacho utakiona ukishuka pwani na kukuta kila fimbo imepungukiwa.

Kuna sababu nyingine ya kuziacha lofti zilivyo. Unyayo wa fimbo, hasa wa weji, una tumbo dogo linaloizuia isizame ardhini, na wachezaji huliita baunsi. Kila digrii unayoipunguza kwenye lofti kwa kukunja shingo huondoa digrii 1 ya baunsi, na hupeleka ukingo wa chini wa uso nyuma zaidi ya shafti. Weji yenye baunsi ya digrii 6 ikikunjwa 2 hubaki na 4. Msimu wa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu, hutajua. Masika, feawei (njia za nyasi fupi kuelekea shimoni) zikiwa zimelowa, ukingo utazama nyuma ya mpira na mpira utaanguka mbele yako kwa aibu. Lofti huguswa pale vipimo vinapoonyesha ngazi zimevurugika, mathalani namba 8 ikiwa digrii 2 tu kutoka namba 9, na hapo husogezwa digrii 1 hapa na 1 pale ili kila fimbo iwe na kazi yake.

Draiva haikunjwi, kwa kuwa titani haikubali. Kama yako ina shingo inayofunguliwa kwa ufunguo, fahamu kwamba kuongeza lofti kwa ufunguo huo hufunga uso kidogo (uelekee kushoto) pale unyayo unapokaa chini, na kupunguza lofti huufungua. Kwa mtu anayekata kulia, mpangilio wa lofti kubwa zaidi ndio wa kuanzia. Kanuni za R&A na USGA, mashirika yanayotunga kanuni za gofu, zimeruhusu marekebisho ya namna hiyo kwenye fimbo zisizo za kupati tangu 2008, lakini yafanyike kabla ya kuanza raundi: ukiibadilisha kwa makusudi raundi ikiendelea kisha ukapiga nayo, unaondolewa mashindanoni. Aini zilizokunjwa karakanani hazina tatizo lolote la kanuni.

Ukimaliza kulaza aini, rudia jaribio la mstari kabla hujalipa salio, kwa weji na namba 5 angalau. Halafu cheza mwezi mmoja bila kugusa kitu, kwani mikono iliyozoea kuikwepa kushoto itaendelea kusukuma mpira kulia kwa muda, na utashawishika kudhani fundi amezidisha. Kama aini zako zimefuliwa na unafanya mazoezi juu ya zulia gumu, zipimwe tena kila mwaka, kwa sababu chuma laini husogea chenyewe. Zilizosubiwa unaweza kuziacha hadi utakapoona dalili.